Amri ya Wageni Wastaarabu

Kwa furaha isiyo kifani, Mamlaka ya Ustaarabu wa Viumbe Wasioonekana ilitangaza mjini Tbilisi kwamba ni marufuku kirusi chochote kuzaliana ndani ya bakteria kwa fujo.

Mkurugenzi Badri Kvantaliani aliitunga amri hiyo mwenyewe, mguu wa kushoto ukiwa juu ya stuli. Kidonda cha kisigino kilikuwa kimezishinda dawa zote. Tumaini lililobaki ni virusi vya maabara ya Daktari Mzevinar, vinavyoua bakteria. Lakini Badri hangekubali kutibiwa na wahuni.

"Vinafanyaje hasa, bibi?" alikuwa amemuuliza daktari huyo kabla ya kuandika amri.

"Kirusi kinatua juu ya bakteria, kinatoboa ukuta, kinaingiza maagizo yake. Bakteria anaacha shughuli zake, anaunda virusi tu. Vikijaa, anapasuka. Kila kimoja kinakwenda kutafuta bakteria mwingine."

"Na mwenyeji?"

"Kwisha habari yake."

Badri alishika kifua. "Katika nchi hii, ambako mgeni ni zawadi ya Mungu! Unakaribishwa mezani, unaipasua nyumba?"

"Hakikaribishwi, bwana. Kinatoboa."

"Basi kikaribishwe!"

Hivyo vikaruhusiwa virusi wastaarabu tu, wale wanaoingia, wakajilaza kimya ndani ya chembe za urithi za mwenyeji, na kunakiliwa naye kila anapojigawa. Kila chupa ilipewa tamada wa kuongoza karamu: ainue glasi, amsifu mgeni, amsifu mwenyeji. Tamada akahitaji naibu. Naibu akahitaji naibu wake. Wakaishiwa vyumba, wakaingia maabara. Waosha chupa wakaacha chupa, wakawa wanatengeneza vitambulisho vya manaibu.

Kisigino kikapakwa wastaarabu. Bakteria wakanawiri pamoja na wageni wao. Mguu ukawa boga, na daktari wa upasuaji akaanza kuutazama kwa jicho la seremala.

"Mzevinar, mama yangu," Badri alinong'ona, "wale wahuni... wamebaki?"

"Chupa moja. Kwenye friji, nyuma ya jibini. Ila kibali kinataka manaibu wote wakae meza moja, kila mmoja ainue glasi na kutoa hotuba."

"Wako wangapi?"

"Nani ajue? Wanazaliana."

"Mguu wangu utawasubiri?"

"Hata wa tembo usingewasubiri."

Badri akalia, akatia sahihi: Mamlaka imevunjwa. Mzevinar akamimina wahuni kidondani. Siku chache tu, mkurugenzi wa zamani akasimama dirishani kwa miguu yake miwili.

Chini, mlango wa Mamlaka ulikuwa umepasuka. Manaibu walimiminika barabarani, mikoba kwapani, wakaenda kupapasa kuta za wizara ya jirani.

"Ee Mungu," alisema Badri. "Hata hodi hawapigi."