Krismasi ya Watu Wawili

Jumapili, 14 Desemba

Nimetangaza! Baada ya ibada nilisimama mbele ya kanisa zima hapa Woodley nikasema mwaka huu mimi Kitheka sina mbuzi, sina taa za rangi, sina muziki. Uji na neno la Mungu, basi. Mchungaji alitokwa na machozi, au ni mafua.

Ukweli nauandika hapa tu. Nafanya haya kwa ajili ya Kavata. Binti yangu ni muuguzi huko Lodwar, mbali kaskazini, na tangu tumzike mama yake, Mwongeli, hajaja Krismasi hata moja. Miaka mitatu ya zamu! Mwaka jana aliniambia kwa simu kwamba sikukuu kwangu ni kelele tupu, hata Yesu mwenyewe akija atakosa pa kukaa. Niliumia. Leo nimemwandikia: Njoo. Mwaka huu ni imani tu, mimi na wewe. Amejibu: "Tutaona, Baba."

Nimeusoma ujumbe huo mara kumi na moja.

Jumanne, 16 Desemba

Balaa. Norman Mbuthia, jirani yangu na mzee wa kanisa, ambaye kila Desemba ua wake huwaka taa kama kituo cha mafuta, ameniiga! Ametangaza kwenye kikundi cha simu cha kanisa kwamba yeye atakula githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, isiyo na mafuta. Nikajibu kwamba uji wangu hautakuwa na sukari. Akajibu kwamba ataketi sakafuni. Mkewe, Debra, akatuomba tuache, watu wanasoma.

Nani alianza unyenyekevu mtaa huu? Mimi!

Jumatano, 17 Desemba

Saa ya chakula cha mchana nilitoka ofisini nikaenda kwa wachapishaji wa mabango, kule mjini. Mita nne. KARIBU UONE KRISMASI RAHISI KWA KITHEKA. Kijana wa mashine akauliza kama aweke picha yangu. Nikakataa, mimi ni mtu mnyenyekevu. Kisha nikakubali, lakini ndogo.

Jumamosi, 20 Desemba

Anakuja! "Nimepata ruhusa. Nafika tarehe 24. Ni sisi wawili tu, sivyo?" Nikajibu ni sisi wawili tu. Nimefagia chumba chake mara mbili. Nimetandika shuka la maua, lile Mwongeli alilokuwa akilificha lisichakae. Limechakaa humo humo kabatini.

Halafu nikawaza. Uji, kwa mtoto aliyesafiri kutoka Lodwar? Nikaenda soko la mifugo la Dagoretti kutazama mbuzi. Kutazama tu. Nani yuko nyuma ya beberu mweupe, anampapasa mbavu? Norman! Alisema amekuja kumsalimia binamu yake. Nikasema nimekuja kutafakari uumbaji. Beberu akalia. Tukakubaliana kwamba hatujaonana, kila mtu akashika njia yake na mbuzi wake.

Jumatano, 24 Desemba

Amefika. Amekonda. Ana mwendo wa mama yake, ule wa kuweka mguu polepole kana kwamba anaonja maji. Alisimama chini ya bango langoni muda mrefu.

"Baba, hii ni nini?"

Nikasema ni ushuhuda.

Tukanywa chai. Alinitazama kama anayengoja nimwambie jambo. Nilikuwa nalo. Nilitaka kumwambia kwamba jioni mimi hupika chai ya vikombe vitatu, kisha nakumbuka. Badala yake nikamsomea ratiba ya kesho.

Alhamisi, 25 Desemba

Watu sitini! Walikuja kuona urahisi, waliposikia harufu ya nyama wakabaki. Hata wageni wa Norman wote walihamia kwangu. Nilikuwa nimekodi kipaza sauti kwa ajili ya dakika tano za kimya. Bila kipaza sauti, wa nyuma wangejuaje kwamba tumenyamaza?

Kavata akanishika mkono. "Baba, ulisema sisi wawili."

Nikamwambia hawa ni wa kupita tu, saa tisa watakuwa wameondoka. Akasema chumvi imeisha, anaenda kuomba kwa Mama Debra.

Hakurudi.

Saa kumi nikachungulia kwenye ua wa miiba ulio kati yetu na jirani. Kwa Norman hakukuwa na mgeni hata mmoja. Mbuzi wake mzima, anatafuna maua. Wao watatu wameketi kwenye mkeka, Norman anasoma habari za wachungaji na malaika bila miwani, anakosea, Debra anamsahihisha, Kavata anacheka. Anacheka! Halafu akaanza wimbo aliokuwa akiupenda mama yake, tena kwa sauti ya pili. Sauti ya Mwongeli kabisa, ile inayotembea chini ya wimbo bila kutaka kuonekana. Nilishika ua kwa mikono miwili, miiba na yote. Miaka mitatu sijaisikia.

Kuna mwanya pale, mtu anapita akijibana kidogo. Niliinua mguu.

Kipaza sauti kikaita: "Mzee Kitheka, tunangoja hotuba yako juu ya utulivu!"

Nikaenda. Nilihutubu dakika arobaini. Nilipomaliza, wimbo ulikuwa umekwisha.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimemsindikiza Kavata hadi kwenye basi mjini. Nilijaribu kusema samahani, nikaishia kumuuliza kama ana maji ya njiani. Akanikumbatia. Akasema taratibu, "Baba, mimi nilitaka wewe tu."

Basi likaondoka, nikabaki nimeinua mkono hadi mchuuzi mmoja akaja kuniuliza nataka soksi pea ngapi.

Wewe tu! Maneno hayo nimetembea nayo hadi Woodley, kwa miguu, nikiyarudia. Sasa nimeelewa kosa langu. Nilimpa bango, nikampa wageni, nikampa nyama, lakini mimi mwenyewe hakunipata. Pasaka atanipata. Nimeshaongea na mchungaji: igizo la Mateso, uwanjani, watu mia mbili, na mimi ndiye Petro tangu mwanzo hadi mwisho. Norman amekubali kuwa umati.

Jogoo wa kuwika nimeshampata.