Mgonjwa wa Kwanza wa Kampuni Yangu

Jumatatu, 2 Februari

Ndiyo, kampuni. Sio kioski, sio duka la simu. Kampuni. Hivyo ndivyo nimemjibu mke wangu Mumina alipouliza mara ya pili, soksi ya mtoto mkononi. Kampuni ya kea, yaani ya kutunza wazee, na tena ya kuleta watu. Garissa kuna vijana wenye nguvu na adabu. Hapa Birmingham kuna wazee kila ghorofa. Katikati hakuna mtu. Katikati ni mimi.

Mumina akasema mlango wa kuleta makea kutoka nje umefungwa tangu mwaka jana. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema kila mtu, hata yule mama wa sambusa. Nikasema nilikuwa najua, nilikuwa nampima.

Kampuni imekufa kabla chai haijapoa. Lakini papo hapo nikapata jambo kubwa zaidi. Leyla.

Leyla ni binti wa dadake Mumina, analala chumba cha watoto. Alikuja na visa ya kea, halali kabisa, babake akauza ngamia ili afike. Sasa kampuni iliyomleta imenyang'anywa leseni. Imepotea, hata bango wameng'oa. Na Leyla ameambiwa apate sponsa mwingine, yaani mwajiri mwenye leseni wa kumdhamini, kabla ya mwezi huu kuisha, la sivyo arudi nyumbani. Na ngamia akishauzwa harudishwi.

Lakini mlango umefungwa kwa walio nje tu. Aliye ndani anaruhusiwa kuhamia kwa sponsa mwingine. Kwa hivyo kazi yangu sio kuleta mtu, ni kuhamisha mtu. Mimi nimehamisha friji hadi ghorofa ya tano lifti ikiwa mbovu. Msichana wa kilo hamsini atanishinda?

Yeye mwenyewe hata kula hali. Anasukuma wali kwa kijiko. Simu yake inalia tu, wazee wake wa zamani, ati ameenda wapi, ati atarudi lini. Nimemwambia aizime. Hapa tunatafuta kazi, hatuwezi kufikiri na kelele za wazee.

Haya yote naandika kwa Kiswahili ili watoto wasisome. Wao hata kuota wanaota kwa Kiingereza.

Jumanne, 3 Februari

Asubuhi nimepitia mkahawani, hapa mtaani kwetu Newtown. Dalmar, mshindani wangu wa kila siku, alikuwa ameshafika, amekalia kiti changu. Ati yeye ana mtu Leicester wa kumpa Leyla sponsa. Dalmar kila siku ana mtu mahali. Hao watu wake hakuna aliyewahi kuwaona, wako kama majini. Nikamwambia Ijumaa haifiki kabla sijamaliza hii kazi. Akasema nikiweza ataniosha gari. Nikamwambia sina gari. Akasema ndiyo maana ameahidi.

Mkahawa mzima umecheka. Wacha wacheke.

Nikavaa bleza ya harusi nikaenda Edgbaston. Huko kuna mama wa Kipunjabi anaitwa Jatinder, ana kampuni ya kea, safi, leseni ya sponsa ukutani. Nywele fupi za mvi, miwani kwenye kamba. Kiingereza chake ni cha Birmingham kabisa, kinapanda na kushuka kama lifti yetu. Nikamweleza habari ya Leyla kwa uchungu, bleza ikinibana kwapani.

Akasema leseni anayo. Anachokosa ni kazi. Serikali haitaki jina kwenye karatasi, inataka mzee wa kweli mwenye saa za kweli za kutunzwa. Bila hizo saa hawezi kumsponsa hata mamake mzazi. Mwenye wateja amletee, atamchukua Leyla bila maneno mengi. Je, mimi namjua mteja yeyote?

Mdomo wangu ukajibu kabla sijafika. Nikasema ninaye. Mama mkwe wangu. Mgonjwa sana, hainuki, hata kikombe hashiki.

Akasema pole sana. Atakuja mwenyewe Alhamisi kumwona.

Nimetoka pale nikitembea kama waziri. Hata tiketi ya tramu nimesahau kukata, ikabidi nishuke njiani nilipomwona mkaguzi.

Jumatano, 4 Februari

Kuna tatizo moja dogo. Mama mkwe wangu hajawahi kuugua.

Tunakaa naye, na yeye ndiye anayebeba gunia la mchele kutoka sokoni. Lifti hapandi, anasema inanuka. Mwezi uliopita alimtoa fundi wa boila la maji moto nje kwa mkono mmoja kwa sababu aliingia na viatu.

Mkwe humkodolei macho, kwa hivyo nimeongea nikiangalia televisheni. Nikamwambia Mama, kesho nakuomba uumwe. Akauliza wapi. Nikasema kila mahali. Akasema huo ni uongo. Nikasema sio uongo, ni uzee umekuja mapema kidogo.

Mumina akasema mimi nina kichaa na tumemalizana. Lakini Mama alikuwa anaangalia mlango wa chumba anacholala Leyla. Kisha akasema, "Nitalala. Kulala sio dhambi. Lakini mdomo wangu usiuingize kwa mambo yako."

Nikasema Mama, mdomo sihitaji, nahitaji kifua tu.

Tumefanya mazoezi. Amri tatu: kohoa, tetemeka, funga macho. Swali likawa amri nitoe kwa lugha gani. Kiingereza haiwezekani. Kisomali ni hatari, hapa Newtown hata mleta barua anakijua, na hawa watu wa kea wamejifunza kwa wateja. Basi Kiswahili. Mama ameishi Eastleigh, kule nyumbani, miaka mingi, anakielewa. Na mama wa Kipunjabi wa Edgbaston atakijulia wapi?

Mimi wakati mwingine najiogopa.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekaa bafuni naandika. Mlango nimefunga.

Asubuhi nilimwangalia Mama kwenye sofa, mablanketi matatu, nikaona bado anafanana na mtu aliyelala tu. Kulikosekana kitu. Nikakumbuka Mzee Emery.

Emery ni Mwingereza, anakaa chini kabisa ya jengo letu, zamani alikuwa dereva wa basi. Leyla ndiye aliyekuwa kea wake mpaka kampuni ilipopotea. Sasa anaye binti yake tu, na yeye anakaa Kingstanding, anakuja akipata nafasi. Leyla bado humpitia kumsalimia, na Mama humtumia supu. Basi huyu Emery ana kile kigari cha kushikilia wakitembea wazee, cha magurudumu. Nikashuka nikakiazima kwake. Akauliza cha muda gani. Nikasema kidogo tu. Akasema sawa, yeye bila hicho haendi popote. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikakiweka kando ya sofa. Sasa mgonjwa alikamilika. Mumina alikuwa kazini. Leyla nilikuwa sijamwambia lolote, alitoka asubuhi kuchukua dawa za Emery.

Jatinder akafika, mpole, kalamu mkononi. Nikatabasamu, nikasema kwa Kiswahili, polepole kama dua, "Mama, kohoa." Mama akakohoa, kama lori linalowashwa asubuhi ya baridi. Jatinder akaandika. "Mama, tetemeka." Akatetemeka mpaka kigari kikasogea. Jatinder akaandika tena. Nilikuwa nasikia furaha inanipanda kwenye masikio. Akilini nikamwona Dalmar na ndoo na sifongo.

Kisha Jatinder akavua koti.

Hapo ndipo mambo yaliharibika. Mgeni aliyevua koti amekaa. Na mgeni aliyekaa na mdomo mtupu kwa nyumba ya Mama mkwe wangu, hiyo haijatokea tangu dunia iumbwe. Nikaona jicho moja la Mama limefunguka. Likaniangalia. Likaangalia jikoni.

"Funga macho," nikasema.

"Mgeni amekauka mdomo."

"Mama, wewe huwezi kutembea."

"Basi pika wewe."

Mimi tangawizi sijui inakaa wapi.

Akatoa blanketi la kwanza. La pili. La tatu. Akayakunja yote, pembe kwa pembe. Kigari kilikuwa kimeziba njia, akakisukuma na mguu. Kidogo tu nikasikia sambusa zinaimba kwenye mafuta. Mimi na Jatinder tumekaa tunatazamana. Mama akarudi na sinia mkono mmoja, mkono wa pili anavuta meza.

Nikamwambia Jatinder, kwa Kiingereza, kwamba huu ugonjwa huja na kwenda.

Akasema naona. Akachukua sambusa.

Ndipo Leyla akaingia anahema. Mfuko wa dawa bado mkononi. Akauliza nani amechukua kigari cha Mzee Emery, mzee wa watu ameganda kwenye kiti tangu asubuhi, hajafika jikoni, hajanywa hata maji. Akakiona. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia televisheni. Ilikuwa imezimwa.

Mama hakuuliza kitu. Akajaza chai kwenye chupa, akatia sambusa kwenye leso, akaweka kigari begani, akashuka ngazi. Mgonjwa wangu. Leyla nyuma yake. Jatinder akanyanyuka na kikombe chake akafuata. Mimi nikafuata nikieleza, sikumbuki nilikuwa naeleza nini.

Kule chini Leyla alipiga magoti akaanza kumsugua Emery miguu, baridi kama samaki, huku anamchekesha kwa habari ya mpira. Mzee akanywa chai vikombe viwili bila kupumua. Hapo nilisikia vibaya kidogo, nikaangalia dirishani.

Simu ya Leyla ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Jatinder akamuuliza ni nani. Leyla akasema ni bibi mmoja wa mtaa wa nyuma. Na ile ya kabla? Mzee mwingine wa huko juu. Wote walikuwa wa kampuni iliyofungwa. Wengine wanaletewa sura mpya kila siku, wengine hawajapata mtu, watoto wao wanahangaika. Wanampigia yeye kwa sababu namba yake ndiyo wanayo.

Jatinder akaweka kikombe chini. Akauliza wako wangapi. Leyla akamwonyesha simu. Jatinder akasoma, akateremsha orodha kwa kidole, akateremsha tena.

Akasema hizi ndizo saa alizokuwa anatafuta. Akamwomba Leyla ampe namba za hao watoto wao, ataanza na binti wa Emery leo leo. Leyla akafunika mdomo na mtandio. Simu ambayo mimi nilisema izimwe.

Tukamsindikiza Jatinder mlangoni. Akamshika Mama mikono yote miwili. Akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili kabisa, "Asante, Mama. Tangawizi kama ya nyanya yangu, Nakuru. Sisi tulihama nikiwa mtoto, lakini lugha haijaniacha."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe, Bwana Korane. Kohoa."

Nikakohoa.

Ijumaa, 6 Februari

Jatinder amepiga simu. Binti wa Emery amekubali, na familia nyingine kadhaa. Karatasi za Leyla zimeanza kushughulikiwa. Visa yenyewe bado, hiyo ni ya wakubwa, lakini sponsa amepatikana. Leyla amekula sahani mbili. Babake kule Garissa amelia kwenye simu, nasi tukalia, halafu salio likaisha.

Msikitini nimewaambia watu nimemaliza kazi Ijumaa, kama nilivyosema. Dalmar akauliza ni kweli mgonjwa wangu alishuka ngazi na kigari begani. Emery amehadithia jengo zima. Dalmar amekataa kuosha gari kwa sababu ya kisheria, ati gari lenyewe halipo.

Mumina ametoa hukumu: kila asubuhi nishuke nimtembeze Mzee Emery mpaka dukani, polepole, kwa mwendo wake yeye. Leo tumeanza. Njia nzima ameshika kigari kwa mikono miwili, macho kwangu.

Mama mkwe hanisemeshi. Lakini chai ameniwekea.

Jumapili, 8 Februari

Nimekaa nimetafakari sana. Mtu mzima lazima ajifunze kutokana na makosa, na makosa yangu yalikuwa matatu.

La kwanza, kigari cha kuazima. Hilo nimeshalitatua. Jana nimenunua changu mwenyewe kwenye duka la mitumba, cha buluu, kina hata kikapu mbele.

La pili, lugha. Sasa naanza Kipunjabi. Mwenye duka la chini ananifundisha, nimeshajua salamu na bei ya vitunguu. Kukohoa bado hatujafika.

La tatu, na ndilo kubwa, ni mwezi. Nilifanya Februari mwanzoni, watu wanakula. Ramadhani iko mlangoni. Mgeni akija saa nane mchana wa Ramadhani, jiko limelala, sinia limelala. Hata avue koti, hata avue na viatu, nani atampikia chai?

Na kuna kijana Coventry, kampuni yake pia imefungwa, anatafuta sponsa kama Leyla. Ameniita mshauri. Jatinder nampigia hashiki, lakini Birmingham sio mji wa Jatinder peke yake.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa. Ndiyo, wewe. Umefikaje kwa daftari langu hatutaulizana. Kama umeelewa mpaka hapa basi wewe ni mtu wetu, na mtu wetu hakosi nyanya. Mimi naleta kigari, mablanketi matatu na akili. Wewe leta nyanya tu, awe mvivu kidogo, asiyependa wageni. Faida nusu kwa nusu, na Dalmar tusimwambie.

Lakini niambie kwanza. Huyo nyanya wako anajua kukohoa?