Jembe la Kristina na Ushindi wa Fundi Leonard

Njooni, enyi mnaopanda Mgeta kwa magoti na kuishuka kwa matako! Sikilizeni habari za Leonard, Bwana wa Mivukuto, Mtisha-Chuma, aliyewahi kufagia stesheni ya Ngerengere akarudi akidai ameiendesha.

Katika miaka ile ya hamsini, mawingu ya vuli yakiwa yamekwisha kukaa milimani, Kristina mjane alimletea jembe lake la pekee, lililolika likabaki kama kijiko. Asipolima kabla ya mvua, maharage hayapandwi, na wanawe watakula nini?

"Mama!" alinena Leonard, mkono kifuani. "Nitaliunga na springi ya lori, na majabali yatakuangukia miguuni!"

"Fundi, mimi nataka jembe tu."

Ndipo vita vikawaka. Aliviunga vyuma viwili motoni, akavipasha mpaka vikawa vyekundu, akavitosa katika maji baridi ya mtoni. Jembe likapiga kelele, naye akapiga zaidi. Tupa ya kunolea iliteleza juu yake isiache alama. "Gumu!" akatangaza. Kristina akagonga jiwe la kwanza, jembe likavunjika pale pale penye kiungo.

Shujaa wetu, badala ya kuona haya, aliona hasira. Akaliunga upya, akalilaza majivuni lipoe polepole. Safari hii halikuvunjika, ila lilipinda, na makali yakalika kama sabuni. Watu wakamcheka waziwazi. Iliuma, jamani! Wakianza kushuka Morogoro kununua majembe dukani, jina lake limekwisha.

Mara ya tatu akalipasha mpaka likawa jekundu, akalitosa tena majini. Kisha njaa ikamvamia, na mkewe Regina alikwisha kugoma kumpikia mtu wa makelele. Basi akaliweka jembe juu ya makaa, akapanga juu yake vipande vya gimbi. Chuma kikapata moto wa wastani, kikageuka manjano, kikaelekea kahawia, na ugumu uliozidi ukapungua bila yeye kujua. Gimbi likaiva, akala, akalitupa jembe kando.

Lo! Kesho yake Kristina alipiga jiwe, likapasuka jiwe. Akalima shamba zima, makali yakiwa yale yale, na mvua ikamkuta anafukia mbegu ya mwisho.

"Fundi, umefanyaje?" akauliza, machozi yakimlenga.

Leonard akafikiri sana, kwa kadiri ya uwezo wake. "Siri ya chuma," akanena, "ni gimbi."

Na ijulikane vizazi vyote: tangu siku ile hakuna jembe lililoungwa Mgeta bila mteja kuja na gimbi lake. Majembe hayakuvunjika tena, wala fundi hakulala njaa. Waliokuja na viazi walifukuzwa.