Siafu wa Lubondja

Jumatatu, 3 Machi

Mguu wa kushoto wa Koko Suzanne, mama mzaa mama yangu, umeoza kwa ugonjwa wa sukari. Daktari wa hapa Baraka anasema ukatwe chini ya goti, la sivyo atakufa. Moyo wake ni dhaifu, hawawezi kumlaza usingizi. Watamchoma sindano mgongoni, miguu ife ganzi, yeye abaki macho. Koko amekataa. Akatwe akitazama, ye ni mbuzi? Hata mbuzi hatazami! Nimemwahidi mama kwamba nitamshawishi. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Niliukalia mguu wangu wakati wote wa sala mpaka ukafa ganzi. Nikaufinya mbele ya Koko. Tazama, siumwi! Nikasimama kwa fahari. Nikaangukia uji wake. Koko alicheka hadi machozi. Kisha akasema: "Basi bakate. Lakini muuzike kule kijijini Lubondja, pembeni ya kaburi ya mume wangu. Usinidanganye, mutoto." Nikaapa.

Jumatano, 5 Machi

Amekatwa. Nilimtia pamba masikioni asisikie msumeno. Muuguzi anasema Koko aliitoa palepale, ahakikishe hawakosei mguu. Hakuumwa hata kidogo. Ila alisikia kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Njia ya Lubondja haipitiki, kuna risasi. Mjomba Wilfried ameuzika mguu hapahapa Baraka, pembeni ya makaburi. Koko aliuliza. Nikamwambia uko Lubondja, vidole vimemwelekea mumewe. Akanishika mkono, hakuuachia. Binamu yangu Jérémie anataka tumwambie ukweli. Wivu! Nimempa ndagala zangu zote za kitoweo anyamaze.

Jumamosi, 8 Machi

Koko halali. Vidole ambavyo havipo vinamuuma. Muuguzi anasema huwatokea wengi waliokatwa. Koko anasema hapana, ni siafu, Lubondja wamejaa, tumezika juujuu. "Mwende mubafukuze!" Analia kama mtoto. Nimeuliza kama ile sindano ya mgongoni haiwezi kurudiwa. Muuguzi ametikisa kichwa.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikaufunga. Nimepata mpango bora. Kesho nitapaka majivu viatu vya mjomba, nimwambie Koko kwamba ametoka Lubondja, amemwaga majivu kaburini, siafu wote wamekimbia. Jérémie atataka ndagala tena.

Mpango huu hauna kasoro. Koko akiendelea kuumwa, nitasema wamerudi.