Kamati ya Vibao na Mishale

Kwa heshima na taadhima, naomba kuutangazia umma kwamba mtaa wetu ndio uliokuwa wa kwanza kuanzisha Mkakati Jumuishi wa Kuzuia Ulevi kwa Vijana kwa Njia ya Vibao. Mimi nilikuwa Katibu wa Kamati. Wanaonicheka sokoni wajue kwamba kazi yangu niliifanya vizuri mno, na hilo ndilo lililotuponza.

Kabla ya Kamati, mtaa ulikuwa unajiendea kienyeji tu. Vijana walioanza kuharibika kwa vile vifuko vya pombe kali vilivyopigwa marufuku walikuwa wanachukuliwa na fundi wa kuchomelea. Anawavisha miwani myeusi, anawafundisha kuunga mageti, jioni wako hoi wanakwenda kulala. Kina mama walipokezana kuwapikia. Vijana walikuwa wanaacha, sikatai, lakini walikuwa wanaacha bila utaratibu. Hakukuwa na mkakati, hakukuwa na kaulimbiu, hakukuwa hata na kofia.

Mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa sabuni za jumla na mtu mwenye kifua cha kuvalia suti, aliliona pengo hilo.

"Katibu," aliniambia, "kijana anapotea kwa sababu hajui hatari iko wapi. Tumwonyeshe."

Nikaandaa mwongozo. Kila panapouzwa vifuko pasimikwe kibao cha chuma chenye mshale mwekundu, kumtahadharisha kijana asiende huko. Ili tahadhari iwe kamili, kibao kitaje mahali penyewe, saa za mauzo na bei. Fundi wa kuchomelea tulimpa heshima ya kutengeneza vibao, na ua wa karakana yake tukauchukua wa kuvihifadhia. Vijana wake wakaambiwa warudi nyumbani wakasubiri semina.

Vibao vilipendeza, msinione najisifu. Kile cha kwa kinyozi kilisomeka: TAHADHARI KIJANA! NYUMA HAPA HUUZWA VIFUKO KUANZIA SAA KUMI JIONI. BEI NAFUU. USIENDE.

Matokeo yalionekana upesi. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga mtaa wetu walianza kuja, wengine kwa makundi. Muuzaji wa nyuma ya kinyozi akanifuata ofisini, chumba chenye meza moja, feni isiyozunguka na katoni za kofia.

"Bosi, nimekuja kulalamika."

Nikajiweka sawa nipokee vitisho.

"Mshale wangu umepinda. Wateja wanaishia kwa fundi viatu. Mwenzangu wa darajani wake umenyooka mpaka raha. Huu si upendeleo huu?"

Nilimhakikishia kwamba Kamati haina upendeleo. Kesho yake tukaunyoosha.

Aliyekuja baada yake ni fundi cherehani, yule ambaye kibaraza chake kinatazamana na ghala la Mwenyekiti. Mwanawe wa mwisho aliwahi kuzama kwenye vifuko, akaacha, akawa mkono wa kulia wa fundi wa kuchomelea. Mama alisimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Katibu, baba, mwanangu amerudia."

"Pole sana, mama. Kibao alikisoma?"

"Alikisoma."

"Basi huyo ameshahamasika."

"Ahamasike nini? Karakana mmemtoa, pa kushinda hana, akigeuka huku mshale, akigeuka kule mshale. Jana nimemwokota mtaroni, ananitazama hanijui, mimi niliyemzaa. Baba, rudisheni ule ua. Sitaki kofia, sitaki semina. Nataka ua tu, kabla sijamzika."

Nilimweleza kwa upole kwamba ule haukuwa tena ua, ulikuwa miundombinu. "Isitoshe," nikaongeza, "mwongozo unataka tahadhari ifike mpaka kwenye chanzo, na chanzo bado hatujakijua. Tukishakijua, ombi lako nitalifikisha mezani."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyemeza sarafu.

"Chanzo hamkijui?"

"Utafiti unaendelea."

"Haya, baba. Nipe kibao kimoja kitupu."

Nikampa. Ushirikishwaji wa jamii ni nguzo muhimu.

Siku ya uzinduzi tulimwalika Mgeni Rasmi, kigogo kutoka makao makuu. Mwenyekiti alishika kipaza sauti akawalilia vijana mpaka suti ikalowa.

"Mheshimiwa, nakuahidi! Hakuna mshale utakaoachwa! Tutaufuata hata ukiingia uvunguni mwa kitanda changu!"

Mgeni Rasmi alivutiwa sana na kauli hiyo, akasema basi twende tukaifuate hiyo mishale. Tukaanza kwa kinyozi, tukapita darajani. Wauzaji walisimama kando ya njia wakipiga makofi, maana wao ndio wadau wakuu. Tulipokata kona ya kwa fundi cherehani, tukakuta kibao nisichokifahamu: TAHADHARI KIJANA! VIFUKO VYOTE VYA MTAA HUU HUSHUSHWA HAPA. WENYEWE WANAITA SABUNI. USIINGIE.

Mshale uliangalia mlango wa ghala la Mwenyekiti.

"Hiki feki!" Mwenyekiti akafoka. "Katibu, waambie!"

Mimi uzembe siuwezi. Nilikipima urefu, nikakagua rangi, nikautikisa mguu wake. Herufi zilikuwa zimenyooka kuliko za vibao vyetu vyote, na kwa kweli niliona wivu.

"Kimekidhi viwango, Mheshimiwa," nikasema. "Ni halali."

"Nyani haoni kundule!" mtu akapaza sauti nyuma, na umati ukaangua kicheko.

Fundi cherehani akajitokeza na mwanawe, amemshika mkono kwa nguvu, kijana mwenyewe kakonda na macho mekundu.

"Kakiandika huyu," akasema. "Alikuwa mbeba mizigo humo ndani kabla fundi hajamchukua. Anajua kilichomo."

Mgeni Rasmi akakunja uso. "Ndugu wananchi, hizi ni tuhuma nzito. Binafsi, ghala hili nalisikia leo. Tutaunda tume, na tume itaunda..."

Hakumaliza. Gari lake lilikuwa limeachwa kule kwenye mahema ya uzinduzi, na dereva alikuwa ameambiwa tu amfuate bosi wake. Lilitokea kwenye kichochoro cha nyuma, likarudi kinyumenyume taratibu mpaka kitako chake kikakaribia mlango mdogo wa ubavuni mwa ghala. Dereva akashuka, akafungua buti, akapangusa mikono.

"Mzee, samahani kwa kuchelewa. Leo tunabeba katoni zile zile, au tuongeze?"

Fundi cherehani ndiye aliyesema, tena bila kupaza sauti.

"Mheshimiwa, mwanangu alihitaji mshale. Dereva wako hakuuhitaji."

Hapo kina mama wakaanza kusogea. Sijapata kuona viongozi wenye mbio namna ile. Mwenyekiti alitoa ufunguo, akafungua, akajitosa ndani, na Mgeni Rasmi akajitosa nyuma yake. Wakajifungia kwa komeo, tukawasikia wakijirundikia katoni mlangoni.

Fundi wa kuchomelea alikwenda uani kwake, akaviruka vibao vyetu, akarudi akiburuta mashine. Waya ukachomekwa kibarazani kwa fundi cherehani. Akamvisha kijana miwani, akamkabidhi kazi. Mshono wa kwanza ulimpinda, mama yake kashika mdomo, wa pili ukanyooka, na cheche zikaruka kutoka juu ya mlango mpaka chini. Mlango mdogo nao haukusahauliwa.

Polisi walipofika, walikuta ua wa karakana umejaa vijana na vibao vyangu vinakatwa kutengenezwa madirisha. Wakaomba fundi aje awafungulie waheshimiwa. Fundi akawajibu kwamba vijana wake wako darasani, warudi kesho.