Kimondo Alivyozimwa kwa Ndoo Moja

Jamani wa kambi, leo nimeaibika. Na nimeaibika nikiwa nimevaa nguo mbili mbili. Wenzangu huaibika kwa kukosa nguo, mimi nimezidisha!

Petro, soma kwa sauti ili Saidi naye asikie. Na ukifika penye ndoo usiruke, nakujua.

Tangu niache kukata mkonge nikarudi kwetu huku milimani, juu ya Maore, nina ugonjwa mmoja tu. Picha. Sisemi picha ya ukutani, nasema sinema. Hiyo pamoja na vitabu vya hadithi, vile vya mashujaa na mazimwi vinavyouzwa stendi ya Same juu ya gunia. (Darasa la tano nilimaliza, la sita nililiacha mlangoni, lakini kusoma nasoma. Polepole, na midomo inacheza.)

Mwezi uliopita nilishuka Same kununua dawa ya mbuzi. Nikakuta gari la sinema limetundika shuka jeupe uwanjani. Wakaonyesha kwanza jinsi ya kuchimba choo. Nusu saa nzima, choo! Halafu ndiyo akaja Kimondo.

Kimondo ndiye stelingi. Kaanguka na nyota akiwa mtoto, sasa kawa mtu mzima, anainua lori kama wewe Saidi unavyoinua kikombe cha chai. Anaruka angani, shuka linapepea mgongoni. Na chupi kaivaa juu ya suruali! Nilichanganyikiwa kwa furaha hadi dawa ya mbuzi nikaisahau pale pale uwanjani. (Mbuzi alipona mwenyewe. Ndiyo kujitegemea huko.)

Ila mimi sisifu tu kama mlevi. Nina maoni. Adui wa picha ile ni mjinga. Kamkamata Kimondo, kamfunga minyororo, badala ya kummaliza anaanza kumhutubia! Anamweleza mpango wote, mpaka mahali alipoficha ufunguo. Hata mwenyekiti wetu wa kijiji hahutubii hivyo, na mnajua sifa zake. Halafu Kimondo hajala kitu toka picha inaanza mpaka inakwisha. Lori utaliinua na nini? Ningetengeneza mimi picha ile, Kimondo angekaa kwanza chini akamaliza sufuria la makande.

Basi sikieni. Gari la sinema linapanda huku kwetu Jumamosi ijayo. Na Kimondo anaongea Kiingereza kitupu. Kwa hiyo kijiji lazima kichague mtu mmoja ashike kipaza sauti, asimame pembeni ya shuka, aeleze watu nani ni nani na nani anampiga nani kwa sababu gani. Kazi hiyo niliitaka kuliko nilivyomtaka mke wangu Nakijwa. (Petro, hapo ungeweza kuruka.)

Nikaenda kwa mwenyekiti. Kaniangalia, kasema, "Ndugu Eliudi, kipaza sauti ni mali ya serikali. Nitakupima kwanza kwa mali ya kijiji."

Kanipa baragumu.

Ni pembe ndefu ya tandala, nyeusi, inang'aa kwa midomo ya watu waliokwisha kufa. Mpulizaji wetu kashuka Same kutibiwa macho. Mlio mmoja ni mkutano. Miwili ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, kazi ya wote, barabara au mfereji. Mitatu ni hatari: nyumba inaungua, chui kaingia, mtu kaanguka korongoni. Mitatu haikuwahi kulia tangu mwaka ule kanisa lilipoezuliwa na upepo.

"Wiki mbili," mwenyekiti kasema. "Usipulize mpaka nikuambie. Ukileta upuuzi, kipaza sauti utakisikia kwa mbali kama wenzako."

Nikalivaa shingoni. Nikala nalo, nikalala nalo. Leo ilikuwa siku ya kumi na moja.

Asubuhi Nakijwa kanipa khanga yake mpya, ya njano, nimpelekee Elisante aipinde ncha. Elisante ndiye fundi cherehani wetu, anakaa na mashine yake barazani kwa duka la ushirika. Ni rafiki yangu sana, ila kwa mambo ya hadithi ni adui yangu. Mimi ni wa Kimondo. Yeye ni wa Binti Tufani.

Binti Tufani yuko kwenye kitabu. Ni msichana anayeishi mlimani, ana pembe ya uchawi. Maadui wakija, anapanda jiwe mbio, anapuliza mara tatu, na mawe yote ya mlima yanaamka yanakuwa jeshi. Kitabu kitamu, sikatai. Ila nakala ya Elisante haina mwisho. Kurasa za mwisho zilifungiwa karanga.

Nimefika, hata khanga sijaikunjua, kaanza.

"Eliudi, jana sikulala vizuri. Nimempiganisha Kimondo na Binti Tufani kichwani. Kimondo kapigwa."

"Kapigwa na nani? Na msichana mwenye pembe?"

"Na jeshi la mawe! Kimondo wako yuko peke yake. Hana hata katibu."

"Atayainua mawe hayo atupe Maore!"

"Akiwa hajala?" (Hilo ni neno langu mimi! Kaniibia maoni yangu kanipigia nayo.) "Halafu lile shuka mgongoni la nini? Siku likinaswa kwenye miiba kazi imekwisha. Na chupi juu ya suruali! Mimi ni fundi, Eliudi. Hiyo sio nguo, hiyo ni haraka."

Hapo damu ikachemka. Mezani pake kulikuwa na bukta za timu ya kijiji, nyekundu, kamaliza kuzishona jana. Nikachukua moja nikaivaa juu ya suruali yangu ya kaki. Nikachukua khanga ya Nakijwa nikaifunga shingoni, ikaning'inia mgongoni.

"Tazama! Inakupa upepo. Mtu anajisikia mwepesi."

"Unafanana na jogoo wa sikukuu," Elisante kasema. Na bukta ile kaishika kiunoni, "Usiitanue! Ni ya golikipa."

Nikaona nimmalize kwa hoja. Nikamwambia, "Elisante, mwandishi wa kitabu chako hajawahi kushika pembe. Mimi ninayo hapa. Eti Binti anapanda jiwe mbio halafu anapuliza mara tatu! Pumzi anaitoa wapi? Ukikimbia mlimani hutoi hata mlio mmoja. Utatoa mate tu. Kitabu ni cha uongo."

"Umejaribu?"

"Sihitaji kujaribu. Nina mapafu, nayajua."

"Basi hujui. Unasema tu."

Jamani, kuna maneno hayatakiwi kuambiwa mtu aliyevaa shuka mgongoni.

Nyuma ya duka kuna jiwe kubwa kama nyumba, linaonekana na bonde zima. Nikalipanda mbio. Khanga inapepea! Bukta inang'aa! Nikafika juu nahema kama mbwa, macho yanaona nyota, nikasema moyoni, sawa kabisa, sasa nitoe mate Elisante aone. Nikaweka pembe mdomoni.

Ikalia.

Ililia safi kuliko siku zote za maisha yake. Sauti ikaenda ikapiga mlima wa pili, ikarudi. Nikashangaa. Nikasema labda ni bahati. Nikapuliza tena. Safi! Hapo hoja yangu ilikuwa imebakiwa na mlio mmoja tu, na mimi mtu wa maoni sikuweza kuiacha ife hivihivi. Nikapuliza wa tatu.

Wa tatu ulikuwa mzuri kupita yote.

Nikashusha pembe. Chini Elisante kasimama na sindano mdomoni. Hata mbuzi wameacha kutafuna. Ndipo akili ikarudi, polepole, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

Mitatu.

Mlima ukafunguka. Kwenye kahawa wakatoka watu. Kwenye migomba wakatoka watu. Watu wanateremka, watu wanapanda, majembe, mapanga, ndoo, mtu na ngazi, mkunga na mfuko wake. Mgambo kaja na bunduki yake ya mti kapiga goti anailenga migomba. Watu ambao hata msaragambo hawaji, wamekuja! "Wapi? Wapi? Moto uko wapi?"

Nikataka kuruka kama Kimondo. Nikarukaruka pale pale, sikupaa.

Sasa tumefika penye ndoo. Petro, taratibu.

Wa kwanza kufika jiweni alikuwa mama mkwe. Mama yake Nakijwa mwenyewe. Mnajua mila za kwetu: mbele ya mama mkwe mkwe anatembea kama yuko kanisani. Miaka minne mama huyu hajawahi kuniona bila shati limefungwa vifungo vyote. Macho yake ya mbali hayaoni vizuri. Kasikia hatari, katazama juu, kaona kitu cha njano na chekundu kinarukaruka juu ya jiwe. Kwake huo ni moto, tena umeshakolea. Mama wa watu kapanda na ndoo yake kichwani, hata tone halijamwagika, kafika juu, kapiga kelele, "Bwana tusaidie!"

Kanimwagia yote.

Maji ya mlimani, jamani. Barafu!

"Umezimika!" kawaambia watu.

Mimi nimesimama, khanga imenigandia, bukta inachuruzika, pembe inatoa maji. Nikafanya kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri anatakiwa kufanya.

"Shikamoo, mama."

Kasogea. Kanichungulia usoni, halafu kwenye bukta, macho yakakaa hapo kwenye bukta muda mrefu.

"Marahaba," kasema. "Eliudi. Khanga ya mwanangu inafanya nini?"

Hapo chini watu wakacheka hadi ngazi ikaanguka. Yule wa mgambo kaegemea bunduki yake, ikavunjika.

Mwenyekiti kafika anahema. Hakucheka. Kanyoosha mkono, nikampa pembe. Nilijua nimempa na kipaza sauti, na Jumamosi, na kila kitu.

"Ndugu Eliudi. Eleza kijiji."

"Mwenyekiti, ilikuwa hoja."

"Hoja gani?"

Nikaeleza. Nifanyeje? Juu ya jiwe, meno yanagongana, nikaanza na Kimondo alivyoanguka na nyota. Nikaeleza lori. Nikaonyesha anavyoruka (khanga iligoma, ilikuwa imelowa). Nikaeleza adui anavyohutubia mpaka kwenye ufunguo, watu wakamtazama mwenyekiti, mwenyekiti katazama pembeni. Nikahamia kwa Binti Tufani. Nikaeleza maadui wanavyopanda, yeye anakimbia jiweni, pumzi hana, lakini anaweka pembe mdomoni…

Nikanyamaza. Niliona aibu kuendelea.

"Halafu?" Huyo ni nani? Mkunga! Kakalia mfuko wake.

"Halafu ikalia," nikasema.

"Mawe yakaamka?" Huyo sasa ni mwenyekiti mwenyewe. Kasahau kukasirika.

Elisante katoa sindano mdomoni kwa mara ya kwanza. Kapaza sauti, "Mwenyekiti, tazama nyuma yako! Kapanda mbio, kapuliza mara tatu, mlima wote umeamka na majembe. Kitabu ni cha uongo, Eliudi? Nani kashinda?"

Nimetafuta jibu toka saa nne mpaka sasa naandika, sina.

Watu wakagawanyika pale pale. Wazee wengi wako upande wa Kimondo kwa sababu ya lori. Akina mama wote Binti Tufani. Mmoja kauliza Binti kaolewa, mwingine kamjibu, "Aolewe na nani, na huyu aliyelowa?"

Mwenyekiti kapiga makofi. "Basi. Mmekuja na majembe, hatuwezi kuyarudisha makavu. Gari la sinema mwaka jana lilikwama kwenye ile kona ya chini. Twendeni tukaijaze mawe. Na wewe," kanigeukia, "huvui kitu. Utabeba mawe hivyo hivyo, ukisimulia."

Nimebeba mawe mpaka jua linaelekea kuzama, nimevaa bukta ya golikipa, nasimulia picha. Kila nikinyamaza kupumua mtu anasema, "Ehe?" Mama mkwe naye anakusanya kokoto karibu yangu, sikio kalitega. Kona imejaa. Hata basi litapita.

Tulipomaliza, mwenyekiti katoa hukumu. Baragumu si langu tena, atalishika mama mkwe, "maana yeye akisikia hatari anajua la kufanya." Kipaza sauti nimepewa mimi.

Nilitaka kulia. Nikamgeukia mama mkwe nimshukuru, nikamuuliza kwa heshima, mama naye yuko upande wa nani.

Kafikiri. Kasema, "Huyo wako wa kuruka ni mtu wa ndoo moja tu."

Nakijwa hajaongea nami. Khanga iko kwenye kamba, inakauka. Bukta imetanuka, golikipa atadaka kwa mkono mmoja, wa pili ameshikilia kiuno.

Njooni Jumamosi, wote. Mtanitambua kirahisi: nitakuwa pembeni ya shuka na kipaza sauti, na nyuma yangu mama mkwe kakaa kwenye kiti cha mbele, ndoo imejaa. Kwa hiyo tafadhali, msinichekeshe nikarukaruka.