Mambo ya Kisasa kwa Vijana wa Rwambuzi

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Nimechaguliwa kuwa animateri, mhamasishaji wa vijana wa Rwambuzi, mtaa wetu hapa Bunia! Mimi, Laurent, mwalimu wa jiografia ambaye shule yake haina paa tangu mapigano ya Mei. Ofisi ya misaada imetupatia ukumbi wa zamani wa ushirika. Kazi yangu ni kuwavuta vijana waache kuwashangaa wenye bunduki na wakutane pamoja, wa upande huu na wa upande ule wa barabara kuu iliyotugawa tangu vita. Mama Suzanne wa ofisini amesisitiza kwamba mambo yawe ya kisasa. Uzinduzi ni Jumamosi.

Alasiri nzima nimekaa dirishani nikiota. Ukungu umetua juu ya mikaratusi, Bunia nzima imenyamaza, nami nawaona vijana wakimiminika ukumbini, wakiniita Grand Laurent. Na mbele yao wote, binti yangu Falone.

Falone ana miaka kumi na sita. Tangu Mei hajavuka mlango wa ua. Rafiki yake Nadège, aliyekaa naye benchi moja shuleni, yuko upande ule wa barabara, na hakuna kati yao aliyethubutu kuvuka. Falone anachambua maharage. Anafagia palipokwisha kufagiwa. Anajibu ndiyo, anajibu hapana. Ukumbi huu ni kwa ajili yake, ingawa hilo sikumwambia Mama Suzanne.

Jumanne, 7 Oktoba

Utafiti. Nimesimama nje ya chumba cha video cha jirani yangu Dominique. Anaonyesha filamu za karate kwa jenereta inayokohoa. Vijana wamejaa mpaka madirishani! Dominique ana nini ambacho mimi sina? Hana elimu. Hana sauti. Ana miwani myeusi, na haivui hata gizani.

Basi ni miwani.

Nimejipatia yangu sokoni. Nimeivaa mezani. Tonge la bukari, ugali wetu, nimelichovya kwenye maji ya kunawa badala ya mchuzi, nikalila, nikasema ni tamu. Mama mkwe, Alphonsine, aliuliza kwa huruma kama macho yangu yanatoa usaha. Falone aligeukia ukutani. Mabega yake yalitikisika kidogo. Au ni moshi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetunga rapu! Inahusu amani na mito ya Ituri, pamoja na vijito vyake. Nimewaimbia vijana wa pale panapotengenezwa baiskeli, na miwani yangu usoni. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha Fabrice, yule fundi mdogo wa matairi, akavua kofia na kuniuliza marehemu anazikwa lini.

Wana mshtuko wa jambo jipya. Nawaelewa.

Jioni mke wangu Charlotte, anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni, akaniletea wazo lake. Eti tuweke nzango! Nzango, mchezo wa wasichana wa uani shuleni: mistari miwili inatazamana, wanaimba, wanapiga makofi, kila mmoja anaruka na kurusha mguu mbele ya mwenzake. Miguu ikitua upande mmoja, pointi ni ya hawa. Ikipishana, ni ya wale. Mama zetu walicheza hivyo, pekupeku, vumbi mpaka puani! Nilimweleza kwa upole kwamba vijana wa leo wanataka mambo ya leo.

Charlotte aliendelea kupanga samaki wake. Akasema, "Weye Laurent, wakati ulikuwa kijana, ulipendaka discours?"

Hotuba nilizipenda sana. Nimemwambia hivyo. Alphonsine akaguna.

Ijumaa, 10 Oktoba

Usaliti! Dominique amekwenda kwa Mama Suzanne kuomba ukumbi. Wamekubaliana kwamba nikikosa vijana kesho, ukumbi unageuka kuwa wa karate. Tumekutana njiani, yeye na miwani yake, mimi na yangu. Tulikaziana macho kwa muda, nadhani.

Programu iko tayari. Wimbo, hotuba, hotuba yangu, hotuba, rapu, hotuba yangu ya pili. Nimemsomea Falone. Akasema hapana. Nikamwambia miziki itakuwepo. Hapana. Nilitoka nje nikasimama kwenye matone ya mvua, moyo mzito kama gunia lililolowa. Nilimkumbuka alivyokuwa akirudi shuleni, kicheko chake kikifika nyumbani kabla yake. Nakitaka kicheko kile. Ningetoa chochote, hata hotuba moja.

Charlotte aliingia chumbani kwa Falone. Sijui walisemezana nini. Alipotoka akasema Falone atakuja kesho, kubeba mabeseni ya chakula cha uzinduzi tu, halafu atarudi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua asubuhi, kisha jua jeupe na mvuke ukipanda barabarani. Ukumbini wako Mama Suzanne na wazee wawili waliokuja kusinzia. Nikajificha nyuma ya pazia na suruali pana niliyoazima kwa Fabrice, nikingoja umati.

Nikangoja sana. Nadhani nililala kidogo. Mara nikasikia makofi! Sauti nyingi, wimbo, vishindo mpaka kuta zikatetemeka. Wananiita! Nikaruka nje ya pazia, mikono juu.

Ukumbi mtupu. Hata wazee walikuwa wameondoka.

Wote walikuwa nyuma, uani. Maharage yalichelewa kuiva, na akina mama wa sokoni wakachoka kungoja. Charlotte alikuwa amewaalika wa pande zote mbili, kwa kuwa sokoni hawakuacha kabisa kuuziana. Wakavua kandambili, wakajipanga mistari miwili. Nzango! Mabinti zao wamo. Vijana wa Dominique wamepanda ukutani kutazama, na Dominique mwenyewe amepanda.

Mstari wetu ulipungukiwa mtu. Charlotte hakumwita yeyote. Alisogea tu, akaacha nafasi kando yake. Falone alisimama na beseni, akaitazama ile nafasi. Akaliweka beseni chini. Akavua viatu.

Aliyekuwa mbele yake katika mstari wa pili ni Nadège.

Walitazamana. Wimbo ukaendelea, makofi yakaendelea, wakaruka. Mguu wa kushoto, na wa kushoto. Wakaruka tena. Kushoto, na kushoto.

"Ungali tu unaanzaka na ile muguu," Nadège akasema.

"Na weye unaijua," Falone akajibu, "na ungali unaifwata."

Akacheka. Binti yangu akacheka! Nilivua miwani nione vizuri, kisha sikuona tena kitu kwa sababu ya machozi. Nililia mbele ya vijana wote wa Rwambuzi, ndani ya suruali ya Fabrice, na sikujali.

Nilipojituliza nikachukua kipaza sauti nikaanza hotuba ya pili. Nadhani iliwagusa, maana waliruka juu zaidi.

Jumapili, 12 Oktoba

Ukumbi tumeachiwa. Baada ya misa Falone alivuka barabara kuu na mama yake, kwenda kumsalimu Nadège. Hakuna aliyemsukuma. Nilikaa kizingitini nikimtazama mpaka akapotelea kwenye mwanga, na mji mzima ukaonekana kama umeoshwa.

Jioni nimetafakari chanzo cha ushindi huu. Ni wazi. Ni miwani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeandaa nzango ya kisasa! Itachezwa ndani, kwa viatu, bila vumbi. Wimbo tutauondoa, tutaweka rapu yangu ya mito. Kila baada ya pointi nitatoa maelezo mafupi. Mwamuzi, mimi.

Nimemsomea Falone yote alipokuwa akisuka nywele kwenda kwa Nadège. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu Mei.

"Papa," akasema, "siku ya posho usikuye. Nakuomba, usikuye hata kidogo."

Furaha gani! Ni sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia tangu vita! Anasema nisije, na maana yake nimeikamata palepale: mtoto anataka nimshtukize. Nitatokea Jumamosi hiyo katikati ya mchezo. Padri amekwisha kuniazima megafoni.